Kompyuta Inaona Faida, Kasa Ni Tupu: Kutafuta Kasoro Katika Mfumo wa Maamuzi

Mwongozo huu ni wa mwenye depo, duka, baa au karakana hapa Lubumbashi, Kongo, ambaye tayari ana kompyuta inayohesabu stoki na mauzo, lakini siku ya kuagiza mzigo anaipita na kwenda kumuuliza kijana wa depo. Jina la programu yako halinihusu. Kasoro ninayoikuta kwenye jedwali la Excel la duka dogo la komini ya Kenya hapa mjini ndiyo ninayoikuta kwenye mfumo wa bei ghali wa kampuni inayolisha migodi, ila kule imepakwa rangi nzuri zaidi.

Kabla ya kugusa chochote, andika kwenye karatasi uamuzi uliokushinda. Usiandike "ripoti ni mbaya". Andika hivi: "Nilitaka kujua kama niagize magunia 300 ya unga wiki hii au ningoje." Kisha chukua namba iliyokupoteza na uirudishe nyuma hatua kwa hatua: toka kwenye ripoti hadi kwenye hesabu iliyoizaa, toka kwenye hesabu hadi kwenye mistari ya mauzo, toka kwenye mstari mmoja wa mauzo hadi kwenye fakture (ankara) ya karatasi, na toka kwenye fakture hadi kwa mtu aliyeiandika. Pale namba inapogeuka ndipo pa kuchimba. Wengi huanzia upande wa pili: wanabadilisha programu, wananunua mashine mpya, na kasoro inahamia nyumba mpya pamoja na vyombo.

Jua pia una mfumo wa aina gani. Kuna unaoandika matukio tu: kimeuzwa nini, kimeingia nini, nani anadaiwa. Kuna unaojumlisha matukio hayo kuwa ripoti za meneja. Na kuna unaosaidia kuamua: unauliza "dola ikipanda, au lori likikwama wiki mbili, itakuwaje?" nao unakuonyesha matokeo kabla hujatoa pesa. Mwaka 1971 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Anthony Gorry na Michael Scott Morton, wakitumia mawazo ya Herbert Simon, mtafiti wa jinsi watu wanavyoamua, waliyagawa maamuzi ya kazini kwa namna ambayo bado inatufaa. Yapo yenye utaratibu kamili, mashine inaweza kuyamaliza peke yake. Yapo yasiyo na utaratibu, hayo ni ya mtu. Katikati yapo ya nusu kwa nusu, na hapo meneja na kompyuta wanahitajiana. Kuagiza unga ni ya katikati. Kufungua tawi Kolwezi usiiulize mashine, iulize tu namba za kukusaidia kubishana na ndugu zako.

Stoki ya kompyuta na stoki ya depo hazifanani

Kompyuta inaonyesha katoni 40 za mafuta ya kupikia, kijana wa depo anaapa ziko 31. Au kinyume chake. Au, na hii naipenda kuliko zote, stoki iko chini ya sifuri: −12.

Naipenda kwa sababu inakutajia mahali pa kwenda. Huwezi kuuza usichonacho, kwa hiyo bidhaa hiyo imeuzwa kabla haijaandikwa kuwa imefika, au imeingia kwa kipimo kimoja ikatoka kwa kipimo kingine. Anza nayo. Kuna wenye duka wanaowaambia mafundi waifunge kabisa, mashine ikatae kuuza kitu kikifika sifuri. Usifanye hivyo kabla ya kujua sababu. Muuzaji mwenye mteja mbele yake na mashine inayokataa atachagua bidhaa nyingine yenye bei ileile ili fakture itoke. Jioni utakuwa na makosa mawili, na la pili halina alama yoyote.

Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni kipimo. Gunia la unga la kilo 25 linaingia kama "1". Dukani linafunguliwa na kuuzwa kwa kopo, na muuzaji anaandika "1" kwa kila kopo. Kila bidhaa iwe na kipimo kimoja cha msingi, kile kidogo kabisa unachouza, na uhusiano wake na katoni au gunia uandikwe mara moja tu ndani ya mfumo. Kujaribu ni rahisi: uza chupa moja kutoka katoni ya chupa 12, kisha tazama stoki. Ikishuka kwa katoni nzima, umeshapata.

Sababu ya pili ni upokeaji. Lori kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, linafika jioni, mzigo unashushwa haraka, asubuhi unauzwa, na bordero (karatasi ya mzigo) bado iko mfukoni mwa shofa. Wakubwa hupenda kungoja hadi gharama zote za forodha na usafiri zijulikane ndipo waingize mzigo kwenye mfumo. Hapo ndipo pengo linapozaliwa. Ingiza idadi siku ileile, kwa bei ya kukadiria, halafu rekebisha bei wakati karatasi za DGDA (forodha) na za msafirishaji zimekamilika. Mifumo mingi inaruhusu kutenganisha hatua hizo mbili. Kama wako hauruhusu, hiyo ni sababu halali ya kuulalamikia.

Halafu kuna umeme. SNEL ikikata, wauzaji wanaandika daftarini, na hilo ni jambo jema. Umeme ukirudi, ukurasa uleule unaingizwa na watu wawili, au hauingizwi na yeyote. Tumia daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, na namba ya ukurasa na ya mstari iandikwe kwenye sehemu ya rejea ya kila fakture. Mfumo ukiwekwa kukataa rejea inayojirudia, kuandika mara mbili kunakwisha siku hiyohiyo. Mistari iliyorukwa utaiona ukipanga rejea kwa mfuatano.

Usisahau uhamisho kati ya depo na duka: umeandikwa kutoka, haukuandikwa kufika. Tafuta orodha ya mizigo iliyo "njiani" kwa zaidi ya siku mbili ndani ya mji huuhuu.

Ukishayamaliza hayo yote na bado kuna pengo, basi ni wizi au uharibifu. Hapo usingoje kuhesabu depo nzima mwezi wa 12. Chukua zile bidhaa chache zinazoingiza pesa nyingi zaidi, uzihesabu kila wiki, siku isiyojulikana. Pengo linaloonekana ndani ya wiki moja lina mashahidi. La miezi 11 halina.

Faida ipo kwenye ripoti, pesa haipo

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniuliza hivi: "Mdogo wangu, hii benefisi kompyuta inaona, iko mu kasa gani?" Swali lake lina majibu manne, na mara nyingi yote manne yako kazini kwa wakati mmoja.

La kwanza halihitaji maelezo mengi: madeni. Ripoti ya mauzo inahesabu fakture, haihesabu pesa. Tazama orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, siku 30, 60, 90. Kama mfumo wako hauwezi kuitoa orodha hiyo, irudie fakture moja moja. Utakuta sehemu ya faida yako imekaa kwa mkandarasi anayengoja kulipwa na mgodi.

La pili ni dola, na hapa tukae kidogo. Tuseme ulinunua bidhaa kwa dola 20 wakati dola moja ilikuwa faranga 2,800. Kompyuta imeandika gharama ya 56,000 FC. Unauza 60,000 FC, ripoti inasema faida ni 4,000. Lakini siku ya kununua tena dola imefika 3,050, na kitu kilekile kinataka 61,000. Ripoti haikudanganya, ulipata 4,000 juu ya bei ya zamani. Ila kasa yako haiwezi tena kununua ulichouza, imepungukiwa 1,000. Uza hivyo mwaka mzima huku ripoti ikikupongeza, na depo itajaa hewa.

Upande wa pili nao upo. Mwaka 2025, baada ya miaka ya faranga kushuka, miezi ya mwisho faranga ilipanda ghafla mbele ya dola. Chukua mfano uleule: dola ikishuka hadi 2,300, jirani anayenunua leo anapata kitu hicho kwa 46,000 na kukiuza 50,000. Wewe mfumo wako umewekwa usiuze chini ya gharama, yaani 56,000. Mashine inakulinda dhidi ya hasara huku wateja wakivuka barabara. Kuendelea kushika bei ni uamuzi pia, ila ulipaswa kuwa wako. Hapa umefanywa na kisanduku alichokiweka alama fundi mwaka juzi.

Tiba yake ni kuwa na safu mbili za gharama. Moja ni ya vitabu. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na mfumo wa hesabu wa SYSCOHADA unakutaka upime stoki kwa wastani wa gharama au kwa utaratibu wa kilichoingia kwanza kutoka kwanza. Hiyo mwachie kontabli wako, wala usiiguse. Ya pili ni gharama ya kununua tena leo, kwa kiwango cha leo. Hiyo haiendi DGI, ofisi ya kodi. Inakaa kwenye skrini ya anayepanga bei. Mtu mmoja, mwenye jina, aweke kiwango cha dola kila asubuhi kabla ya fakture ya kwanza, na kila kiwango kibaki na tarehe yake. Ukikuta kiwango kipya kimefuta cha zamani, ripoti zako zote za miezi iliyopita zimebadilika kimyakimya, na hapo hakuna mlinganisho wa mwezi kwa mwezi unaofaa.

Zaidi ya hapo, andika kila malipo kwa sarafu aliyolipa mteja. Dola zikae kwenye kasa ya dola, faranga kwenye kasa ya faranga. Ukigeuza kila kitu kuwa dola palepale kaunta, tofauti kati ya kiwango cha benki na cha kambisti wa barabarani inajificha ndani ya mauzo, na hutaiona kamwe. Vivyo hivyo kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money: kila akaunti ni kasa yake, na ada za kutoa pesa ni matumizi yenye mstari wake.

La tatu ni TVA, kodi ya ongezeko la thamani. Kwa aliyesajiliwa, ni 16%. Kosa ninaloliona ni gharama kuingizwa bila TVA na bei ya kuuza kuingizwa ikiwa na TVA ndani. Rudi kwenye mfano wetu, na tuseme bei zote mbili, 56,000 na 60,000, zina TVA ndani. Bila TVA ni 48,276 na 51,724, faida halisi 3,448. Mfumo uliochanganya unatoa 48,276 kwenye 60,000 na kukuonyesha 11,724. Ni zaidi ya mara tatu, na sehemu kubwa ya hiyo "faida" ni pesa ya Serikali inayopita mikononi mwako. Kama asilimia yako ya faida inang'aa kuliko ya kila mtu sokoni, angalia hapa kabla ya kushukuru Mungu.

La nne ni mwenye duka mwenyewe. Karo ya watoto, matanga, petroli ya gari la nyumbani. Hakuna mfumo unaoweza kuona mkono unaoingia kwenye droo.

Ripoti mbili za siku moja zinabishana

Kasye amefunga kasa na kuandika jumla yake. Ripoti ya mfumo inasema nyingine, kesho yake inasema nyingine tena, lakini ukijumlisha wiki nzima zinakaribiana. Mpangilio huo ukiuona, usimshuku kasye. Tazama saa.

Lubumbashi iko saa mbili mbele ya saa ya dunia, UTC. Kinshasa iko saa moja mbele. Programu nyingi zilizosanidiwa Kinshasa zinakuja na saa ya kule, na zile zinazokaa kwenye seva za mbali hutumia UTC yenyewe. Duka linalofunga jioni halitaona tofauti yoyote. Lakini baa inayouza hadi usiku wa manane itaona. Bia iliyouzwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumapili inaandikwa Jumamosi saa tano na nusu kwa saa ya Kinshasa, au saa nne na nusu kwa UTC. Kwenye orodha ya kanda za saa utakuta Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi kama vitu viwili. Chagua cha pili. Kwa baa kuna hatua moja zaidi: weka mwisho wa siku ya biashara, tuseme saa kumi usiku, ili zamu moja isikatwe vipande viwili. Usipofanya hivyo, meneja atalinganisha Jumamosi na Ijumaa, ataona Jumapili inauza vizuri ajabu, na atawapanga wahudumu siku isiyohitaji watu.

Kabla ya kurekebisha saa, chukua nakala ya data. Programu nyingine zinasogeza mauzo yote ya nyuma, nyingine zinaanza upya kuanzia leo. Unataka kujua yako ni ipi kabla ya kubonyeza.

Excel inajumlisha pungufu

Fungua jedwali na uangalie namba zimesimama upande gani wa seli. Namba za kweli husimama kulia, na maneno kushoto, isipokuwa mtu amezipanga kwa mkono. Ukiona namba imeegemea kushoto, Excel inaiona kama neno, na SOMME, amri ya kujumlisha, inairuka bila kukwambia. Kwa Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iko kwenye mashine nyingi za hapa, kuna kipimo cha haraka: tumia NB kwenye safu hiyo, kisha NBVAL. NB inahesabu namba tu, NBVAL inahesabu kila seli isiyo tupu. Zikitofautiana, tofauti hiyo ndiyo idadi ya seli zilizogeuka maneno, pamoja na vichwa vya safu kama umevijumuisha. CNUM itazirudisha kuwa namba.

Chanzo huwa ni mipaka, hasa kwetu sisi tunaonunua Zambia kwa Kiingereza na kuandika hesabu kwa Kifaransa. Mashine ya Kifaransa inatumia mkato kutenga sehemu za desimali. Msambazaji wa Ndola akikutumia faili lenye 1,250, mashine yako inaweza kusoma moja na robo. (Ndiyo, mwongozo huu umeandika maelfu kwa mkato, kama vitabu vya Kiswahili. Usininakili kwenye Excel yako.)

Tarehe ni mbaya zaidi, kwa sababu kosa lake linaonekana zuri. Mashine iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inasoma 03/04/2025 kama tarehe 4 Machi. Ila 25/04/2025 haiwezi kuisoma, hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo inaiacha kama neno. Basi dalili ni hii: siku za 1 hadi 12 zimetawanyika kwenye miezi mingine, na siku za 13 na kuendelea zimeegemea kushoto na hazimo kwenye ripoti. Ukiona chati ya mauzo ya mwezi yenye mauzo hadi Desemba wakati bado ni Aprili, umeshajua.

Na faili likiwa refu, hesabu mistari. Excel ya sasa inaishia mstari wa 1,048,576. Faili la zamani la .xls linaishia 65,536, na kinachozidi kinakatwa. Hili halikuwapata wenye maduka peke yao. Uingereza, kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na korona hawakuingia kwenye takwimu za kila siku kwa sababu ya ukomo huo wa .xls, na waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Ukikuta jedwali linaloishia mstari wa 65,536 kamili, hutahitaji fundi.

Mfumo unashauri uagize kidogo, kila mara kidogo

Hesabu iliyo nyuma ya ushauri huo ni fupi: mauzo ya siku moja, mara siku za kungoja mzigo, jumlisha akiba ya tahadhari. Ikienda kombo, chunguza vipande vyake kimoja kimoja.

Anza na mauzo ya siku. Tuseme kwa siku 30 umeuza magunia 200 ya unga. Kompyuta inagawa na kupata karibu 7 kwa siku. Lakini siku 10 kati ya hizo rafu ilikuwa tupu. Ulipokuwa na unga uliuza 10 kwa siku. Kwa safari ya siku 9, mfumo unakuambia 60 zinatosha wakati zinahitajika 90. Unaagiza kidogo, unaishiwa mapema, siku tupu zinaongezeka, wastani unashuka, na ushauri unaofuata ni mdogo zaidi. Wenye duka hutafsiri jambo hili kama "unga hautoki tena". Ondoa siku tupu kwenye hesabu. Programu nzuri ina chaguo hilo. Isipokuwa nalo, gawa kwa mkono, kwa siku ulizokuwa na mali. Siku hizi wapo wanaouza utabiri wa akili mnemba, na mwingine ni mzuri, lakini ukiulisha sifuri za siku tupu utajifunza sifuri hizohizo.

Kisha angalia siku za kungoja. Hizo 9 zimetoka wapi? Nimeona mahali ambapo zilitokana na safari nne: 5, 6, 5 na 20. Wastani ni 9 kweli, na hakuna safari hata moja iliyochukua siku 9. Ukiagiza kwa 9, mara tatu unakuwa na unga wa ziada, na mara ya nne wateja wanakwenda kwa jirani. Hapa mashine imefika mwisho wake na meneja anaanza: je, kuishiwa kunakugharimu nini, na kubaki na ziada kunakugharimu nini? Kwa saruji, ziada inayongoja mvua za Novemba kwenye depo linalovuja ni hasara. Kwa betri za gari, ziada ni pesa iliyolala tu. Kwa unga, kuishiwa ni kumpoteza mwenye mgahawa ambaye hatarudi. Kila kundi la bidhaa lipewe akiba yake, na usikubali asilimia moja kwa depo nzima.

Halafu kuna mambo ambayo historia haiwezi kuyajua. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Agosti 2024 ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache katika mvutano wa kibiashara na Kongo. Mfumo uliojifunza kwa mauzo ya 2023 ulikuwa unaendelea kushauri kama kawaida, na shofa yeyote aliyekuwa kwenye foleni alijua zaidi yake. Kwa hiyo mfumo uwe na mahali ambapo meneja anaweza kubadilisha siku za kungoja kwa mkono, kuandika sababu, na kuweka tarehe ya mwisho ya badiliko hilo. Bila tarehe ya mwisho utakuja kukuta, mwaka mmoja baadaye, depo bado linaagiza kana kwamba mpaka umefungwa.

Mwisho, tenga mauzo yasiyo ya kawaida. Mkandarasi mmoja akinunua jozi 400 za buti za usalama kwa mara moja, mfumo utadhani mji mzima umeanza kuvaa buti. Hivyohivyo kwa madaftari ya Septemba shule zinapofunguliwa: linganisha Septemba na Septemba iliyopita, usiilinganishe na Agosti.

Dashibodi inameremeta, hakuna anayeamua kwayo

Uliza swali moja kwa kila chati: ikipanda nitafanya nini, ikishuka nitafanya nini? Jibu likiwa "nitajua tu", iondoe. Meneja wa depo anahitaji kitu kama mistari mitano asubuhi: kipi kitaisha kabla ya lori lijalo, nani amepitisha siku za deni, kasa ipi ina tofauti, bidhaa ipi inauzwa chini ya gharama ya kununua tena, na kipi hakijatembea kwa siku 90. Mengine yakae kwenye ripoti ya mwezi.

Sababu nyingine ni kwamba meneja hakubaliani na mfumo na hana pa kuandika. Kukataa ushauri wa mashine si kosa. Kosa ni kukataa bila kuacha alama. Weka safu tatu: mfumo ulishauri nini, uliamua nini, kwa nini. Baada ya miezi michache utaona ni kwenye bidhaa zipi jicho lako linaishinda kompyuta na zipi linashindwa. Wenye umri mkubwa huchukia zoezi hili kuliko vijana, nami nawaelewa.

Chunguza pia kama namba imeanza kutafutwa yenyewe. Wauzaji wakipewa bonasi kwa idadi ya fakture, fakture moja itakatwa vipande vitatu. Wakipewa kwa mauzo, madeni mabaya yatapanda. Tazama kilichobadilika kuanzia wiki bonasi ilipotangazwa.

Madogo yanayoharibu makubwa

Mashine inazimika ghafla na faili halifunguki: nunua betri ya akiba ya seva kabla ya kununua skrini ya pili, na weka nakala rudufu kila usiku nje ya jengo. Jaribu kuirejesha nakala mara kwa mara. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hujui kama ni nakala.

Fakture zinafutwa na hakuna aliyefuta: wote wanaingia kwa jina moja na nywila moja iliyobandikwa ukutani. Kila mtu jina lake, na kufuta kuwe kwa kuandika fakture ya kurudisha, asili ibaki.

Bidhaa moja ina majina matatu, "Sukari 50", "SUCRE 50KG", "Sukali": unganisha, na uwape ruhusa ya kuunda bidhaa mpya watu wawili tu.

Ukimwita fundi

Mpe ile karatasi yenye uamuzi uliokushinda, namba moja iliyokupoteza, na njia uliyoifuata hadi pale ilipogeuka. Mwombe achukue nakala kabla ya kugusa chochote, na aandike kila anachobadilisha.

Akisema amemaliza, usimlipe kwa kuangalia skrini. Chagua mwezi uliopita ambao unajua vizuri ulivyokwenda, ule ulioishiwa unga au ule uliobaki na mzigo. Mwambie auweke mfumo kwenye hali ya tarehe 1 ya mwezi huo, kwa data iliyokuwepo siku hiyo tu, na autake ushauri. Linganisha na yaliyotokea kweli. Kisha mwambie afanye hivyo kwa mwezi mwingine, utakaouchagua wewe.